Matangazo ya kamari yanamkatiza mavyaa kwenye kisomo chake: tulipie yaondoke?

Asalaam aleykum Somo,

Natumai u mzima. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mtopanga na mume wangu pamoja na mavyaa, ambaye alihamia kwetu baada ya baba mkwe kufariki. Asubuhi nauza mahamri na mbaazi, mchana napokea oda za keki. Mume wangu yuko kwenye yadi ya makontena kule Miritini, anaingia kwa shifti. Kazini kwao simu kubwa haziruhusiwi, basi huenda na kabambe na ile kubwa huiacha nyumbani. Simu hiyo ndiyo televisheni yetu, ndiyo redio yetu, ndiyo mwalimu wangu wa keki.

Shida ni matangazo kwenye programu ya video tunayotumia. Mavyaa akishaswali alfajiri hukaa pale pale kwenye msala akaweka kisomo cha Qurani. Yuko katikati ya sura, machozi yanamlengalenga, mara sauti ya mwanamume inapayuka kuwa weka mia uvune maelfu. Siku moja aliizima simu akaiweka chini akasema, "Kumbe hata mashehe siku hizi wanakula pesa ya kamari." Tangu hapo kuna shehe mmoja aliyempenda miaka mingi, hamsikilizi tena.

Kitinda mimba wangu ana miaka mitano. Wimbo wa kampuni moja ya kubashiri anaujua wote, na aliuimba madrasa mbele ya wenzake. Mwalimu alinipigia simu. Nilikosa la kumjibu.

Mimi nami, nikiwa mikono yote imejaa unga na krimu, mwalimu wa keki anafika pale pale pa kuonyesha kiasi cha maziwa, tangazo linaingia. Nibonyeze kwa kiwiko?

Nimesikia kuna malipo ya mwezi yanayoondoa matangazo yote. Nilipomwambia mume wangu alisema, "Kitu cha bure unakilipia cha nini?" Wifi yangu wa Likoni alipopata habari akasema tuchukue ule mpango wa familia tumtie na yeye, atachanga. Mavyaa amemuunga mkono, anasema mtoto wake si mgeni. Lakini michango ya wifi mimi naijua. Halafu kuna kijana pale Mwembe Tayari anauza nafasi kwenye akaunti yake kwa shilingi 150 kwa mwezi, unatuma kwa M-Pesa, ila anataka umpe barua pepe na nenosiri. Mwenzake anasema yeye kwa 300 tu ataniwekea programu nyingine isiyo na matangazo milele, wala sitalipa tena.

Na kuna jambo jingine, sijui kama ni vyema kulitaja. Jirani yangu aliniambia kuwa matangazo humfuata mtu kwa yale anayoyatafuta. Kwenye simu ya dadangu, ambaye ni fundi cherehani, haya ya kamari siyaoni, yeye huletewa ya sabuni na vitambaa. Dalili ya mvua ni mawingu, Somo. Mwezi uliopita baba watoto alichelewesha ada ya madrasa akasema mshahara ulikatwa. Sikumuuliza zaidi. Labda tukilipia, matangazo yataondoka, na mimi nitapata utulivu wa moyo.

Nishauri, Somo wangu.

Mama wa Watatu, Mtopanga

*

Waaleykum salaam, mwanangu.

Barua yako inauliza kuhusu malipo, lakini ulichokiweka chini kabisa ndicho chenye uzito. Unaogopa kuwa baba watoto anacheza kamari. Nitaanza na hilo, kwa sababu ukilipia leo na matangazo yakakoma, hofu itabaki pale pale moyoni, na itakuwa imepoteza hata ile kelele iliyokuwa ikikusukuma uulize.

Jirani yako amesema kweli, ila amesema nusu. Tangazo la video huchaguliwa kwa mambo mengi kwa pamoja. Mwenye bidhaa anaweza kusema: nataka watu wazima, walioko Kenya au Mombasa hasa, wanaume, wapenda kandanda, saa za jioni. Kisha huangaliwa ile video yenyewe inahusu nini, na akaunti hiyo imekuwa ikitazama na kutafuta nini. Mtu ambaye hajatafuta chochote naye atapewa tangazo kwa sababu ya mahali alipo na saa iliyoko. Sasa tazama simu yenu. Akaunti ni ya mwanamume mtu mzima, yuko Mombasa, na naamini wikendi hutazamwa humo magoli ya Ligi Kuu ya Uingereza. Hayo peke yake yanatosha kuvuta matangazo ya kamari bila mtu kuweka hata shilingi. Akaunti ya dadako ni ya mwanamke anayeshona, ndiyo akaletewa vitambaa. Bango lililosimamishwa pale Saba Saba halimjui anayepita chini yake. Limewekwa pale kwa sababu watu wa aina fulani hupita kwa wingi. Haya ya simu ni mabango yenye macho makali zaidi, lakini hayajui mtu ameweka pesa wapi.

Kwa hiyo wingu hilo huenda halina mvua. Wala sitakuapia kuwa hakuna kitu, maana siishi kwenu. Kamari ya simu imeingia nyumba nyingi za pwani na bara, na wanaume wenye akili zao na dini yao wameingia nayo kimya kimya. Hata serikali ilifika mahali ikashtuka: mwishoni mwa Aprili 2025, bodi iliyokuwa ikisimamia kamari nchini ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, kwa kuwa yalikuwa yakiwafikia watoto. Yule mwanao aliyeimba madrasa hakuwa peke yake Kenya nzima, na mwalimu wake anapaswa kulijua hilo ili asimhukumu mtoto.

Nakuomba mambo mawili. Usiipekue M-Pesa yake akiwa amelala. Utakachokiona, kiwe kizuri au kibaya, utakuwa umekiona kwa mlango wa nyuma, na maneno yatageuka yawe juu ya upekuzi badala ya pesa. Tena usianze na matangazo. Anza na ada ya madrasa, maana hilo ndilo unalolijua kwa hakika. Mngoje siku ya mapumziko, mavyaa akiwa amelala au ametoka, umwambie kwa upole: "Baba, mwezi ule uliniambia mshahara ulikatwa. Mimi nimebaki na wasiwasi. Nieleze tulipo ili nijue keki zangu zisaidie wapi." Kisha umsikilize. Usimjazie maneno. Mwanamume wa yadi za makontena anaweza kweli kukatwa, meli zikipungua shifti nazo hupungua. Ikiwa ni hilo, utajua na utatulia. Ikiwa ni kamari, umempa nafasi ya kusema mwenyewe bila kuaibishwa mbele ya mamake, na hapo niandikie tena, kwa kuwa mazungumzo hayo yana njia yake ndefu.

Mkishaongea, ndipo muishike simu pamoja. Utamhitaji, kwa sababu karibu kila dawa ninayokupa hapa inapita kwenye akaunti yake.

Hukutaja jina la programu mnayotumia, na si lazima. Nitachukua mfano wa YouTube kwa kuwa ndiyo inayojulikana na wengi, na mengi niyasemayo yana ndugu yake kwingineko. Ndani ya akaunti ya Google, ambao ndio wenye YouTube, kuna sehemu ya mipangilio ya matangazo, na humo mna orodha ya mambo nyeti: kamari, pombe, kutafuta wachumba, kupunguza uzito, ujauzito na malezi. Kila kimoja kina swichi yake. Zimeni ya kamari, na mkitaka, zimeni na ya pombe. Halilipiwi hilo. Google wenyewe wanasema matangazo hayo yatapungua, hawaahidi kuwa yatakwisha kabisa, lakini kwa nyumba yenu kupungua tu ni neema. Tena kwenye tangazo lenyewe huwa pana alama ndogo ambayo ukiibonyeza inakueleza kwa nini umeletewa tangazo lile na inakuruhusu kulizuia lisirudi. Ibonyezeni mkiwa wawili. Mkisoma pamoja kuwa tangazo limekuja kwa sababu ya mahali mlipo na saa, jambo hilo litakutuliza kuliko maneno yangu.

Mtoto wa miaka mitano hafai kutazama katuni kupitia akaunti ya babake. Mtandao unamhesabu kuwa ni babake, na unampa matangazo ya babake. Kuna programu ya pembeni inayoitwa YouTube Kids, iliyoanzishwa 2015 kwa ajili ya wadogo, na yenyewe pia haina malipo. Mwaka 2019 Google ilikubali kulipa dola milioni 170 nchini Marekani baada ya kushtakiwa kuwa YouTube ilikusanya habari za watoto bila idhini ya wazazi, na tangu Januari 2020, video zilizowekwa alama kuwa ni za watoto haziwekewi tena matangazo yanayomfuata mtazamaji kwa tabia zake. Lakini kinga hiyo iko kwenye video zenye alama hiyo tu. Kitinda mimba akihama kutoka katuni akaingia vichekesho vya watu wazima au magoli ya jana, kinga imekwisha. Ndiyo maana nataka awe na mahali pake, penye nenosiri ambalo wewe unalijua na yeye halijui. Wimbo ule atausahau. Watoto husahau upesi wasipokumbushwa.

Sasa mavyaa, na hili nakuomba ulifanye leo hii kabla hujawasha oveni. Mwambie kuwa shehe wake hana hatia aliyomdhania. YouTube ilibadilisha masharti yake, na tangu Juni 2021 hapa kwetu inaweza kuweka matangazo hata kwenye video za mtu ambaye hajajiunga na mpango wa kulipwa na hapati hata senti. Kwa hiyo kisomo kinaweza kukatizwa na tangazo na msomaji mwenyewe asijue, wala asipate chochote. Hata aliyejiunga na mpango huo haketi na kampuni za kamari kukubaliana tangazo gani liingie. Huchaguliwa na mitambo kwa kumtazama mtazamaji, na mtazamaji kwa macho ya mitambo hiyo alikuwa ni mwanawe, shabiki wa kandanda. Mama yule ameacha kumsikiliza mtu aliyempenda miaka mingi kwa dhana isiyo na msingi. Limeniuma hilo kuliko matangazo yenyewe. Mrudishie shehe wake.

Halafu mtafutie njia ambayo haitegemei simu ya mwanawe. Vile vispika vidogo vya memori kadi vinauzwa Marikiti na Mwembe Tayari, na kadi yenye juzuu zote 30 huipati kwa shida. Hakili bando, hakina tangazo, hata stima ikipotea kinaendelea. Kwa mawaidha ana Radio Rahma na Radio Salaam papa hapa Mombasa. Mtu mzima anapenda chombo chake mwenyewe akiwashe atakapo, asiombe simu ya mtu kila alfajiri.

Ukiyafanya hayo, mzigo wote uliokuwa ukitaka kuutibu kwa malipo umebaki mmoja tu: mikono yako yenye krimu. Hapo ndipo malipo yanaweza kuwa na maana.

Baba watoto anasema kitu ni cha bure. Mweleze kwa adabu kuwa hakijawahi kuwa cha bure, nyinyi mmekuwa mkilipa kwa kutazama matangazo, na malipo hayo si madogo: mwaka 2024 pekee YouTube iliingiza zaidi ya dola bilioni 36 kutokana na matangazo. Njia ya kulipa ili usiyaone ilianza Marekani mwaka 2015 kwa jina la YouTube Red, ikabadilishwa kuwa YouTube Premium mwaka 2018, na kufikia Machi 2025 kampuni ilisema wanaolipia hiyo na huduma yake ya muziki, pamoja na walio kwenye majaribio, ni milioni 125 duniani. Wala humdhulumu mwalimu wako wa keki ukiyaondoa matangazo kwa njia hii. Walio kwenye mpango wa kulipwa hupata asilimia 55 ya mapato ya matangazo kwenye video zao ndefu, na pesa za wanaolipia nazo hugawanywa kwao kulingana na muda ambao wanaolipia huwatazama. Anayetazamwa sana na wanaolipia ndiye anayepata zaidi. Mimi jambo hilo nalipenda.

Ila ujue unachonunua. Hununui bando; waifai au data utaendelea kulipia vile vile. Unachopata ni video bila matangazo, sauti kuendelea hata skrini ikizimwa, na ruhusa ya kuhifadhi video kwenye simu ukazitazama bila mtandao. Hilo la mwisho ndilo lenye faida kwa mtu wa hali yetu: unahifadhi mafunzo ya wiki nzima mahali penye waifai, kisha unapika nayo bila kutumia data. Lakini mwalimu wako akisimama ndani ya video akaanza kusifu chapa ya siagi iliyomlipa, hapo malipo yako hayamzuii, maana hiyo ni sehemu ya video yake. Na klipu zinazokuja kupitia Facebook au TikTok zina wenyewe, zitabaki na matangazo yao.

Usidhani pia kuwa kila anayelipia video ameepuka matangazo. Amazon, kwenye huduma yake ya Prime Video, ilianza Januari 2024 kuwawekea matangazo wateja wa Marekani waliokuwa wakilipa tayari, na asiyeyataka akaambiwa aongeze dola 2.99 kwa mwezi. Netflix nayo ilileta mpango wa bure hapa Kenya mwaka 2021, watu wakauzoea, ukafutwa 2023. Kampuni hizi hubadilisha masharti zikitaka. Kwa hiyo lipa mwezi kwa mwezi, usijifunge mwaka.

Ushauri wangu ni huu. Fanyeni kwanza yale ya bure, mkae nayo mwezi mmoja. Ikiwa bado unaona kazi yako inakatizwa, fungua akaunti yako mwenyewe kwa barua pepe yako, kwenye simu hiyo hiyo, uchukue mpango wa mtu mmoja. Bei utaiona kwa shilingi ndani ya programu kabla hujathibitisha. Ukipewa muda wa kujaribu bila malipo, tia alarm ya simu siku chache kabla haujaisha, kwa sababu ukishapita pesa hukatwa zenyewe. Ukisitisha huduma huwa haikatiki hapo hapo, inaendelea hadi mwisho wa muda uliolipia, basi usiogope kusitisha mapema. Kama huna kadi ya benki, Safaricom ina kadi ya M-Pesa GlobalPay tangu 2022, ambayo ni Visa ya kwenye simu. Weka ndani ya M-Pesa kiasi unachotaka kitumike. Na anayetumia iPhone ajiunge kupitia kivinjari, asijiunge ndani ya programu, kwa maana humo bei huwa juu zaidi. Malipo yatoke kwenye pesa ya keki, yaandikwe kwenye daftari pamoja na gesi na unga. Mwisho wa mwezi utatazama kama oda zimelipa gharama hiyo. Mume wako hatakuwa na neno, kwa kuwa hukumwomba.

Yule kijana wa Mwembe Tayari mpite mbali. Anachokuuzia ni nafasi kwenye kundi la familia ambalo si lako. Masharti ya mpango wa familia ni mwenye akaunti na watu wengine wasiozidi watano, wote wakiwa wanaishi nyumba moja naye. Wengi wa wauzaji hawa hununua kwa kujifanya wako nchi nyingine ambako bei ni ndogo, na tangu Juni 2024 YouTube imekuwa ikiwafutia watu wa namna hiyo. Akifutiwa yeye, wewe uliyelipa 150 humwoni tena wala simu hapokei. Na kuna hasara nyingine ambayo hawaisemi: Google huruhusu mtu kuhama kundi la familia mara moja tu ndani ya miezi 12. Ukiingia kwa kijana leo, kesho mkitaka kuwa na kundi lenu halisi, unaweza kuzuiwa ungojee karibu mwaka.

Zaidi ya hayo ni lile nenosiri. Barua pepe ya mume wako ndiyo iliyobeba picha za watoto, namba za watu wote, na njia ya kubadilisha nenosiri la kila kitu kingine alichofungua kwayo. Mgeni akishalipata, amepata nyumba yenu yote. Rahisi ghali, na hapa ughali wake hauna kipimo.

Yule wa 300 na programu yake ya milele, jibu ni hilo hilo. Programu za namna hiyo hazimo kwenye duka rasmi la Google. Zinawekwa kwa mkono, na huna njia ya kujua aliyezitengeneza ameongeza nini ndani. Ile iliyokuwa maarufu kuliko zote, YouTube Vanced, watengenezaji wake waliifunga Machi 2022 baada ya kuandikiwa barua ya kisheria, na baadaye zikazagaa nakala za bandia zenye jina lile lile. Simu ambayo M-Pesa huingia na kutoka haiwekewi kitu usichokijua asili yake. Na mimi binafsi naona si haki kuchukua kazi ya mtu, ukakata malipo yake yote, na ukampa pesa hiyo mtu wa pembeni asiyehusika.

Amebaki wifi. Nimeona ulivyoandika, "michango ya wifi mimi naijua," na nimekuelewa. Lakini huna haja ya kuutaja mchango, wala kumtia mavyaa katikati yako wewe na bintiye. Sharti la nyumba moja linakutosha. Nyinyi mko Mtopanga, yeye yuko ng'ambo ya feri. Mpango wa familia haumruhusu, na mkimtia kwa kudanganya anuani mnaweza kusimamishiwa nyote mkiwa mmeshalipa. Maneno hayo usiyaseme wewe. Ayaseme baba watoto kwa mamake na kwa dadake, maana yakitoka kwako yatasikika kuwa unamfukuza, na yakitoka kwake yatasikika kuwa ndivyo masharti yalivyo. Wifi akitaka yake, anaweza kujilipia mpango wa mtu mmoja kwa ile ile kadi ya M-Pesa niliyokutajia, na siku akija kuwatembelea umwonyeshe namna ya kuzima matangazo ya kamari kwenye akaunti yake, ikiwa nayo yanamjia.

Somo